Miguu ya Mjomba Dankwa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema na kwa hiari yangu, maana pale Suame Magazine, mtaa wa magereji wa Kumasi, ukichelewa kuutangaza ujinga wako kuna watu hamsini wenye spana mkononi watakaokutangazia bure, na kila mmoja ataongeza chumvi yake. Zamani nilikuwa Fundi Atta Poku, mpuliza rangi za magari. Siku hizi mtu akipita gerejini kwangu ananiuliza, "Mzee wa kuni, leo unachoma nini?" Nacheka naye. Maisha yamenizaba makofi ya kutosha kunifundisha kwamba ukicheka pamoja na wanaokucheka, unawapunguzia nusu ya raha.

Lakini sikubali kuubeba ujinga wote peke yangu. Ulikuwa mwingi, ulitosha ukoo mzima, na mkuu wa ukoo huo aliufikisha kwangu asubuhi ya Jumatatu ukiwa umefungwa kamba nyuma ya lori.

Ujinga wenyewe ulikuwa gari, Moris Oxford ya mwaka 1954. Rangi yake ilikuwa nyeusi, kwa mtu mwenye huruma. Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imekaa chini ya bati katika ua wa nyumba ya ukoo kule Bantama, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, wakifa, na vifaranga wao wakirithi kiti. Madigadi ya mbele ilikuwa imebonyea mahali pa kukaa mtoto. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, na usukani ulikuwa umelika pande mbili, pale mikono inapokaa.

Nyuma ya lori akashuka Opanyin Adubofour, mkuu wa ukoo, na kitenge cha Jumatatu kinachofanana sana na cha Jumapili. Huyu ni mtu wa kusafisha koo kabla ya kusema ndiyo, na kulisafisha tena baada ya kusema, kama vile neno limemwachia mwiba.

"Fundi," akasema, "makumbusho ya mji wametuandikia. Wanataka gari la mjomba wangu, Nana Dankwa, walioneshe kwa ulimwengu."

"Hongera, Nana." Kwetu mzee wa heshima ni Nana au Opanyin.

"Hrrm. Ndiyo. Hrrm. Nisomee barua, miwani nimeiacha nyumbani."

Miwani yake imeachwa nyumbani tangu nimfahamu. Nikasoma. Barua ilikuwa fupi na imeandikwa na mtu asiyependa kurudia maneno: gari liletwe kama lilivyo, lisipakwe rangi, lisinyooshwe, lisitolewe kitu chochote hata kama kinaonekana takataka, vumbi wataliondoa wenyewe. Imetiwa sahihi na Daktari Amponsem, mkuu wa makumbusho.

"Nana, wanasema lisiguswe."

Opanyin akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia mbuzi anayejaribu kupanda ngazi.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Ulipokwenda kwao kuposa, mama yake hakukwambia, 'Mwanangu, usijisumbue kuleta chochote, wewe njoo tu'?"

"Alisema hivyo hivyo."

"Ukaenda mikono mitupu?"

"Mimi? Wangenifungulia mbwa."

"Basi," akasema Opanyin. "Hiyo barua ni mama mkwe."

Nataka mnielewe, sikumwona mwehu. Nilimwona mtu mwenye akili! Maana sisi ndivyo tulivyo. Mtu akikuambia usilete kitu, anapima malezi yako. Hata maiti wetu hatumtoi mbele za watu mpaka amevishwa nguo ya thamani na pete za dhahabu, japo kesho yake anazikwa na pete zinavuliwa. Sasa gari la ukoo liende kukaa mbele za wageni na kinyesi cha kuku? Nikaikunja ile barua, nikaitia mfukoni. Mtu mzima aliyesoma mpaka darasa la kumi, nikaitia mfukoni.

"Nataka rangi ya divai," akasema Opanyin, "na mstari wa dhahabu ubavuni. Viti ngozi ya chui."

"Chui wa kweli, Nana?"

"Wa Accra."

Halafu akaanza kunihadithia mjomba wake, na hapo hana breki. Nana Dankwa alikuwa mnunuzi wa kakao, mtu mkubwa kwa sifa na kwa kimo. Akiingia mlangoni anainama mara mbili, ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa usalama. "Alipofariki," Opanyin akasema, "seremala alileta jeneza, miguu ikabaki nje mpaka hapa." Akajishika juu ya kifundo cha mguu. "Ikabidi liongezwe ubao. Kumasi nzima iliona. Hakuna ukoo mwingine hapa uliowahi kuongeza ubao."

Kuna watu wanajivunia vyeo. Huyu alijivunia kosa la seremala.

Akanionesha pia kibao cha shaba alichokwisha kukichongesha, cha kuwekwa mbele ya gari kule makumbusho. Jina la Nana Dankwa lilikuwa juu, "mwenye gari na dereva wake". Chini yake lilikuwa jina la Opanyin Kwasi Adubofour, kwa herufi kubwa zaidi. Nikamwambia herufi zimependeza.

Siku ya tatu, nikiwa nimekwisha kuanza kukwangua boneti kwa msasa, teksi ikasimama mbele ya gereji. Akashuka bibi mfupi, mfupi kabisa, fimbo mkononi na kipochi kwapani. Akalizunguka gari polepole kama askari anayetafuta kosa.

"Wewe ndiye unayempaka baba yangu poda?"

"Baba yako nani, Eno?" Kwetu mama mzee wa rika lile ni Eno, hata kama amekuja kukutukana.

"Dankwa. Mimi ni Pokuaa, binti yake."

Nikashusha pumzi. Kwa desturi yetu mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, yaani kwa kina Opanyin. Watoto wa kuzaa mwenyewe hulia vizuri kwenye mazishi, hula wali, wakarudi kwa ukoo wa mama yao. Kwa hiyo binti wa marehemu akikanyaga gereji, fundi yeyote wa Kumasi anaujua wimbo unaofuata, hata kibwagizo.

"Eno, kama ni mambo ya urithi, Opanyin anakaa Bantama. Mimi hapa narithi vumbi tu."

"Nimekuomba urithi? Nina umri wa miaka themanini na minne, gari nitalipeleka wapi, ahera? Gari ni lao. Ningetaka kuligombania ningeanza nikiwa na meno. Fungua mlango wa dereva."

Nikafungua.

"Tazama chini. Unaona nini?"

Nikatazama. Kwenye pedeli zote tatu, klachi, breki na mafuta, kulikuwa kumefungwa vipande vya mti wa mvule, vinene kama mkate, kila kimoja kimekazwa kwa skrubu mbili. Juu yake vilikuwa vimelika, kila kimoja na kishimo laini.

"Naona mbao chafu."

"Unaona miguu yangu," akasema.

Akakaa kwenye kopo langu la rangi bila kukaribishwa, akanieleza. Kuanzia mwaka 1956 macho ya Nana Dankwa yaliingia ukungu. Mnunuzi wa kakao asiyeona mizani ni mnunuzi aliyekwisha, kwa hiyo hakumwambia mtu. Alimfundisha binti yake wa miaka kumi na tano kuendesha, na kwa kuwa binti hakufikia pedeli, seremala wa Ejisu aliapishwa, akachonga vipande vitatu. Miaka minne Pokuaa aliendesha Moris ile mpaka Konongo, mpaka Obuasi, mpaka barabara za matope ambazo lori zilizikataa. Wakikaribia mji walisimama nyuma ya kichaka, wakabadilishana viti. Hatua mia za mwisho baba aliendesha mwenyewe, magoti yakimgusa kidevu, na binti kando anamnong'oneza: kushoto, kulia, mbuzi, kanyaga breki.

"Kwa hiyo Kumasi nzima ilimwona akiendesha," nikasema.

"Kumasi nzima ilimwona akiegesha," akanijibu. "Ninajua kile kibao cha Kwasi kinasema nini. Dereva wake! Kwasi alikuwa na miaka minane, kazi yake kubwa ilikuwa kujikojolea. Mimi sitaki gari, Fundi. Nataka jina la dereva liwe la dereva. Wakija watoto wa shule wasome Pokuaa. Na kitu pekee duniani kinachonishuhudia ni hivyo vipande vitatu. Seremala amekufa, baba amekufa. Paka rangi unayotaka, weka chui, weka simba, weka hata nyoka. Hapo chini usiguse."

"Nimekusikia, Eno."

"Umenisikia kama fundi au kama mtu?"

"Kama mwanao."

"Wanangu hawanisikii," akasema, akaita teksi.

Nilicheka siku nzima. Msichana wa miaka kumi na tano, mwaka hamsini na sita, mpaka Obuasi! Nikawasimulia jirani zangu, nikaigiza na fimbo yake na sauti yake, wakashika mbavu. Nilijiona mchekeshaji mkubwa wa Suame.

Alhamisi Opanyin akaja kukagua. Akaingiza kichwa ndani, akaziona pedeli, akachomeka ncha ya kiatu chake kwenye kile kipande cha kati.

"Takataka gani hizi?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Ningesema, Nana, kuna mama alikuja. Ningesema hata kwamba barua yenyewe imetaja takataka. Lakini Opanyin alikuwa ameshika mpira mpya wa pedeli, unang'aa, na mimi nilikuwa na rangi inayonisubiri kwenye kompresa.

"Mbao tu, Nana."

"Toa. Hrrm. Watu watafikiri mjomba wangu alikuwa na banda la kuku mpaka miguuni."

Nikachukua bisibisi. Skrubu zilinigomea, nakumbuka hilo vizuri. Dakika arobaini nimelala chali nikizitukana, na hata wazo moja halikunijia kwamba kitu kinachong'ang'ania hivyo huenda kina sababu. Nilipomaliza nikavuka barabara, nikampa Asieduwaa, yule mama anayechoma ndizi, avitie motoni. Sikumwambia ni vya nini, naye hakuuliza. Kuni za bure hazihojiwi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tukafika makumbusho saa nne asubuhi. Jamani, lile gari lilivyong'aa! Nilikuwa nimenyoosha bonde la madigadi, nimebadilisha vioo, nimeuvisha usukani ngozi mpya, nimefunga rimu za nikeli. Ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Opanyin alileta wapiga ngoma wawili, wazee wa ukoo wanne, na chupa ya pombe ya kuwamwagia wahenga. Eno Pokuaa alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye ngazi chini ya mwavuli, hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Opanyin akasafisha koo, akahutubia. Tuliambiwa habari za kakao, za ukoo, na za ukoo tena. Tukafika kwenye jeneza. "Miguu ikabaki nje mpaka hapa!" akasema, akajishika juu ya kifundo, wazee wakaitikia, ngoma ikagonga. Nadhani ngoma ile waliifanyia mazoezi.

Ndipo Daktari Amponsem akatoka. Mama mwembamba, nywele fupi, amevaa glovu nyeupe za kushikia vitu vya thamani. Alikuwa anatabasamu akishuka ngazi. Ngazi ya tatu tabasamu likapungua, ya tano likaisha. Akalizunguka gari mara moja. Halafu akavua glovu, kidole kimoja kimoja, akazitia mfukoni.

"Gari liko wapi?" akauliza.

Opanyin akacheka. "Ha! Daktari ana utani. Hili hapa."

"Naona kitu chekundu. Nauliza gari nililoliandikia barua."

"Tumelitengeneza, Daktari. Tusingeweza kukuletea lile lichafu. Uliandika kwa adabu, na sisi tukajibu kwa adabu."

"Niliandika kwa Kiingereza na kwa Kitwi, na nikapiga mstari chini." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. "Opanyin, kule Bantama niliona usukani ulioliwa na mikono ya mtu. Uko wapi?"

"Umevaa ngozi."

"Chini ya ngozi?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Niliukwangua kwanza, Daktari. Ili gundi ishike."

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo."

"Unajua kusoma?"

"Ndiyo."

"Pole sana," akasema. Nimetukanwa na madereva wa lori, nimetukanwa na askari wa barabarani na mama mkwe halisi, ila hakuna aliyewahi kunitukana kwa neno moja la pole.

Akaendelea kuuliza na mimi nikaendelea kujibu. Viti? Nilivitupa. Rangi ya kwanza? Hakuna. Bonde la madigadi? Nimelinyoosha. "Lile bonde," akasema, "lilikuwa la daraja la Ejisu, mwaka 1958. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima." Mwishowe akamgeukia Opanyin. "Humu ndani hakuna kitu hata kimoja alichokigusa mwenyewe Nana Dankwa. Limekuwa gari la juzi lililovaa umbo la zamani. Lipeleke harusini, Opanyin. Litapendwa sana. Mimi siwezi kulipokea."

Ngoma ilikuwa imenyamaza zamani. Opanyin akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza koo lake lilikuwa safi na hakuna kilichotoka.

Eno Pokuaa akainuka kwenye ngazi, akaja kwa fimbo yake, akafungua mlango wa dereva na kutazama chini. Akatazama kwa muda mrefu ile mipira mipya mitatu. Halafu akanigeukia.

"Uliniambia umenisikia."

Nikaanza kupangusa mlango wa gari, uliokuwa safi tayari.

"Viko wapi, Fundi?"

"Kwenye ndizi, Eno."

"Kwenye nini?"

"Nilimpa mchoma ndizi. Kuni."

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Akakaa kwenye kiti cha dereva, juu ya chui wa Accra, miguu yake ikining'inia kama ya mtoto, haifiki popote.

"Vitu gani hivyo?" Daktari akauliza.

Eno akamweleza. Macho ya baba, seremala wa Ejisu, kichaka, hatua mia za mwisho. Safari hii sikuona kichekesho mahali popote. Daktari alikuwa amechuchumaa kando ya mlango, kalamu mkononi, haandiki.

"Upuuzi!" Opanyin akalipuka. Sauti ilikuwa imerudi. "Mbele ya watu! Binti wa miaka kumi na tano amwendeshe Nana Dankwa? Mimi kwa macho yangu nilimwona akiingia uani na gari, ameshika usukani. Zile zilikuwa takataka. Mimi mwenyewe nilimwamuru fundi azitoe. Muulize!"

"Kweli aliniamuru," nikasema. "Na kweli niliambiwa nisiguse. Ujinga tuligawana."

Daktari akasimama. "Fundi, hebu nisikilize kwa makini, ukiweza. Kama kimebaki hata kimoja, nitalipokea gari hili pamoja na rangi yake ya aibu, kwa ajili ya hicho kimoja. Kama hakuna, rudini nalo."

Sikungoja teksi isimame vizuri. Kutoka pale mpaka Suame si mbali, lakini siku hiyo kila taa ilikuwa nyekundu kama lile gari. Asieduwaa alikuwa anageuza ndizi.

"Dada, zile mbao nilizokupa!"

"Zile nzito? Mbaya, zinatoa moshi kama polisi wametupa bomu. Nilichoma mbili tu nikachoka."

"Lini?"

"Ijumaa ile. Wewe mwenyewe ulikula ndizi nne. Ukasema leo zina harufu nzuri, umetia nini?"

Kwa hiyo historia ya Eno Pokuaa nilikuwa nimeila, tena na karanga.

"Na ya tatu?"

Akanielekeza kwa kidevu. Jiko lake lina mguu mmoja mfupi. Chini ya mguu huo, kimelowa mafuta, kimekaa kile kipande cha kati. Nikaangukia magoti, nikaanza kukivuta.

"We Atta! Jiko litamwagika! Umerukwa na akili?"

"Dada, hicho ni kitu cha makumbusho!"

"Na jiko langu ni la nini, la maonesho? Lete tofali kwanza!"

Nikaleta tofali. Nikaleta mawili. Nikarudi makumbusho nimekumbatia kipande cha mvule kifuani kama mtu anayetoroka na mtoto, shati jeupe nililolinunua kwa ajili ya sherehe lina madoa ya mafuta ya ndizi mpaka leo.

Daktari Amponsem aliponiona alitoa glovu mfukoni, akazivaa tena. Hapo ndipo nilipojua tofauti ya thamani kati ya rangi yangu ya wiki mbili na ule mti mchafu. Akakipokea kwa mikono miwili. Akapiga magoti, akauvua ule mpira mpya, akakiweka juu ya pedeli ya breki. Matundu ya skrubu yakaangaliana na matundu ya chuma, moja kwa moja. Akapitisha kidole kwenye kile kishimo kilicholika juu yake; kilikuwa kidogo, cha kuenea ncha ya mguu wa msichana. Eno, akiwa bado kwenye kiti, akavua kiatu na kuunyoosha mguu wake. Ukafika. Ukakaa mle kishimoni kama yai kwenye kiota.

Mmoja wa wazee wa ukoo akavua kofia.

"Gari nitalichukua," Daktari akasema taratibu. "Lakini kwa ajili ya kipande hiki. Hiki ndicho kitakachokuwa mbele, kwenye kioo chake, na maandishi yatakihusu chenyewe."

Na hapa ndipo Opanyin Adubofour alipoonesha kwa nini yeye ni mkuu wa ukoo na mimi ni mpuliza rangi. Mtu mwingine angeona haya, kidogo tu, hata ya kuazima. Yeye alisafisha koo. Akalisafisha tena. Akasogea mbele, akaweka mkono juu ya boneti, akamgeukia mpiga picha wa makumbusho upande wake mzuri.

"Naam," akasema. "Hrrm. Nimekitambua sasa. Ni kipande cha mjomba wangu. Andika, Daktari: kifaa cha mvule, alichokitumia Nana Dankwa mwenyewe."

"Alikitumia kwa kazi gani?" Daktari akauliza.

"Kazi gani tena? Kufikia breki."

Wazee wakatazamana. Mpiga ngoma mmoja akajikuna. Eno Pokuaa hakushuka garini. Aliuacha mguu wake pale pale kwenye kipande, akageuza shingo, akamtazama mkuu wa ukoo toka viatu mpaka kichwa na kurudi.

"Wewe Kwasi," akasema, hakuna Opanyin, hakuna Nana, "yaani miguu ya baba yangu ilikuwa mifupi ndani ya gari, ikaja kurefukia kwenye jeneza?"